Chatboti na kisukari: mwongozo wa kuitumia kati ya kliniki moja na nyingine

Mama yangu anaishi Tanga, mimi niko Dar es Salaam. Ana kisukari cha aina ya pili, mwaka wa kumi na moja huu. Anameza metformin na kuchoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole kwa pamoja) asubuhi na jioni. Kliniki yake ni mara moja kwa mwezi. Siku hiyo anatoka nyumbani alfajiri, anapanga foleni, na akifika kwa daktari anakaa naye dakika tano, zikizidi sana saba. Daktari anafungua daftari, anatazama sukari ya asubuhi hiyo, anamuuliza, "Unaendeleaje mama?" Mama anajibu, "Alhamdulillah." Imeisha hiyo. Siku ishirini na tisa nyingine hazina mtu wa kuzisoma.

Kwa ajili ya siku hizo ndipo nilipoanza kutumia chatboti ya akili mnemba kwenye simu, yaani programu unayoiandikia swali nayo ikakujibu kwa maandishi. Naandika kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa mtoto, mke au mume anayemwangalia mgonjwa. Iwe ni ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot au Meta AI iliyo ndani ya WhatsApp, utaratibu ni uleule, na toleo la bure linatosha. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: chatboti si ya kupanga dozi. Kazi yake ni kukusaidia kuona kilicho ndani ya namba zako, ili ufike kwa daktari ukiwa na swali lililoiva.

Hatua ya kwanza: bandika karatasi ukutani kabla ya kufungua simu

Sukari ikishuka, mtu hana muda wa kuandika ujumbe. Vidole vinatetemeka, maneno yanapotea, bando linaweza kuwa limeisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni karatasi, kalamu yenye wino mzito na gundi. Ya mama iko jikoni, juu ya mtungi wa maji, na imeandikwa hivi (namba ni za kipimo cha mmol/L, nitakieleza katika hatua ya pili):

"Sukari chini ya 4.0, au jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuongea ovyo: sukari vijiko vya chai 3 au 4 ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15. Pima. Bado iko chini ya 4.0? Rudia. Ikipanda, kula chakula. Ukirudia mara mbili haijapanda, hospitali.

Amezimia: usimpe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu. Hospitali.

Sukari juu ya 14 na anatapika, au tumbo linauma, au anahema kwa nguvu, au pumzi inanuka kama matunda, au amechanganyikiwa: hospitali sasa hivi.

Kidonda cha mguu kinanuka au kinabadilika rangi: hospitali leo."

Chini yake kuna namba ya jirani, ya dereva wa bajaji na ya zahanati. Soda iwe yenye sukari. Ile iliyoandikwa haina sukari haitamwokoa mtu. Mpelekee nesi wa kliniki karatasi yako aipitie, kwani huenda ana maelekezo tofauti kidogo kwa wagonjwa wake. Ikishakaa ukutani, sasa tunaweza kuizungumzia simu.

Hatua ya pili: kusanya namba zinazoaminika

Chatboti inasoma ulichoandika tu. Ukiiambia "sukari ya mama inapanda panda", itakujibu maneno ya jumla ambayo ungeyapata kwenye bango la zahanati. Iandikie tarehe, saa, namba, alichokula, na kama dawa imetumika.

Kupima kwenyewe kunahitaji uangalifu. Mikono ioshwe kwa maji na ikauke kabla ya kutoboa kidole. Msimu wa embe mama aliwahi kunipigia akilia: mashine inasema 17.6. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini. Alikuwa anamenya maembe ya wajukuu. Akaosha mikono, akatoboa kidole kingine, ikasoma 9.2. Utomvu wa tunda uliobaki kwenye ngozi huingia kwenye tone la damu na kuidanganya mashine. Chatboti haiwezi kuliona embe.

Angalia pia kipimo cha mashine yako. Nyingi zinazouzwa kwetu husoma kwa mmol/L, yaani namba kama 6.8 au 11.4. Mashine uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani itasoma kwa mg/dL, yaani 122 au 205. Kubadili ni rahisi: mmol/L zidisha kwa 18 upate mg/dL. Ukiandika namba bila kipimo, chatboti itakisia. Na mashine ikiandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wa mashine kusoma (nyingi huishia 33.3, nyingine 27.8), ikiandika LO, imeshuka chini ya uwezo huo. Ukiona lolote kati ya hayo mawili, rudi kwenye karatasi ya ukutani.

Hatua ya tatu: andika saa kwa namna ambayo haina tafsiri mbili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kukuonya kuhusu jambo hili.

Jioni moja niliandika hivi: "Mama amechoma insulini saa kumi na mbili na nusu jioni, amepima saa mbili usiku, sukari 5.2." Jibu likaja taratibu na kwa upole: sukari yake imetulia vizuri akiwa usingizini, hakuna haja ya kumwamsha. Neno "usingizini" ndilo lililonishtua. Mama hakuwa amelala. Nilikuwa naye kwenye simu, na nyuma ya sauti yake nasikia ala za taarifa ya habari ya saa mbili.

Chatboti ilikuwa imeisoma "saa mbili usiku" kama usiku wa manane, saa nane kwetu. Kwa hesabu yake, sindano ilikuwa na zaidi ya saa saba mwilini. Ukweli ni kwamba ilikuwa na saa moja na nusu, insulini ndiyo kwanza inashika kazi, na mama alikuwa amekula nusu sahani akasema ameshiba. Sukari ya 5.2 inayoendelea kushuka ni habari nyingine kabisa. Nilimwambia amalizie chakula chake, tukapima tena baada ya muda.

Tangu siku hiyo naandika saa zote kwa mtindo wa saa 24. Saa moja asubuhi ni 07:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Saa sita usiku ni 00:00. Mama mwenyewe anaendelea na saa zake kwenye daftari, mimi ndiye ninayebadili wakati wa kuandika kwenye simu.

Maneno mengine yanayoteleza ni "sukari", kwa kuwa kwetu ni ugonjwa, ni namba ya kwenye mashine na ni kile cha kwenye chai. Andika "kisukari" kwa ugonjwa na "kiwango cha sukari kwenye damu" kwa namba. "Kijiko" nacho useme kama ni cha chai au cha chakula.

Hatua ya nne: ujumbe wa kwanza

Anzisha mazungumzo mapya, na ujumbe wa kwanza uwe wa kuweka mipaka. Wangu ni huu, uunakili na ubadilishe yanayokuhusu:

"Namsaidia mgonjwa wa kike, miaka 63, kisukari cha aina ya pili. Anatumia metformin mara mbili kwa siku na insulini ya mchanganyiko 30/70 asubuhi na jioni, kwa dozi alizopangiwa na daktari. Viwango vyote vya sukari ni kwa mmol/L. Saa zote ni za mtindo wa saa 24. Usinipe wala usipendekeze kubadili dozi ya dawa yoyote. Kama taarifa hazitoshi, niulize kwanza kabla ya kujibu. Ukiona kiwango chini ya 4.0 au juu ya 14, kitaje mwanzoni kabisa mwa jibu. Tumia Kiswahili chepesi. Sasa rudia kwa maneno yako ulivyonielewa."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ikirudia na ukaona imeandika aina ya kwanza badala ya ya pili, au imechanganya vipimo, sahihisha hapohapo. Mazungumzo yakiwa marefu sana huanza kupoteza yaliyosemwa mwanzo, kwa hiyo mimi hufungua mapya kila Jumatatu na kubandika ujumbe huohuo, niliouhifadhi kwenye simu.

Dawa zitaje kwa majina yake, kwa sababu zinatofautiana hatari. Insulini na vidonge vya jamii ya glibenclamide vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mzee, mwenye shida ya figo au aliyeruka mlo. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Hatua ya tano: iulize kuhusu wiki nzima

Namba moja ina maneno machache. Hizi ni sukari za mama za asubuhi kabla ya kula, wiki moja, kuanzia Jumatatu: 7.8, 9.1, 6.9, 11.4, 8.2, 7.5, 10.3. Kwa watu wazima wengi lengo la asubuhi kabla ya kula huwa kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya chakula isizidi 10. Ila kwa mzee au mwenye maradhi mengine daktari anaweza kulegeza, kwa hiyo tumia lengo ulilopewa wewe.

Nikaandika: "Niambie siku zipi zinatofautiana na nyingine, na unipe maswali matano ya kumuuliza mgonjwa ili kujua sababu. Usikisie sababu mwenyewe."

Ikajibu kwamba Alhamisi na Jumapili ziko juu, na kwamba wastani ni 8.7. Nikahakiki kwa kikokotoo: jumla 61.2, gawa kwa 7, sawa. Hakiki kila hesabu inayokupa, kwani mashine hizi hutunga sentensi vizuri kuliko zinavyojumlisha. Kati ya maswali yake matano, moja lilisema: jioni za Jumatano na Jumamosi mgonjwa anafanya nini ambacho hakifanyi siku nyingine?

Nilipompigia na kumsalimia shikamoo, nikamuuliza hilo. Akanyamaza kwanza. "Hizo si siku za kikoba, mwanangu? Narudi usiku nimechoka. Nakula kidogo tu nilale. Sasa nichome sindano tumboni hamna kitu, si nitaanguka humu ndani peke yangu?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia daktari, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kuhusu Jumatano. Hofu yake ilikuwa ya mtu mwenye akili timamu, maana insulini ya mchanganyiko huchomwa kwa kutegemea mlo unaofuata. Hapo chatboti ilikuwa imemaliza kazi yake. Nini afanye siku ambayo atakula kidogo ni swali la daktari, na tulilipeleka kwa daktari.

Hatua ya sita: chakula cha nyumbani kwako

Uliza "mgonjwa wa kisukari ale nini" na utaletewa samaki wa bahari za baridi na matunda ambayo hujawahi kuyaona sokoni. Iambie unachokipata: "Nyumbani kuna sembe, dona, mchele, mihogo, viazi vitamu, maharage, choroko, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, dagaa na samaki. Nipangie milo ya siku tatu kwa hivi tu, nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo wanga, robo maharage au samaki."

Usitegemee picha ya sahani. Picha haioni kina cha bakuli, tui lililomo kwenye kisamvu wala vijiko vya sukari vilivyokwisha yeyuka kwenye chai. Njia ninayoiamini ni kupima unga kabla haujaingia sufuriani. Gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu 75 hivi za wanga, ambao ndio unaogeuka sukari mwilini. Mkisonga gramu 600 kwa watu wanne, ugali wote una wanga wa gramu 450, na kila mmoja akila fungu sawa amekula gramu 112. Mama aliona nyingi mno nilipomwonyesha. Hatukuuacha ugali, tulipunguza tonge na kuongeza matembele.

Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na hilo ni jema, lakini wanga wake bado ni mwingi. Anayekula dona mlima mzima kwa kuamini haina sukari anajidanganya. Asali nayo hupandisha.

Kuhusu mlonge, mdalasini na dawa za mitishamba, iulize chatboti kama zinaweza kugongana na dawa anazotumia, kisha jibu hilo mwonyeshe daktari au mfamasia. Nawaomba sana: asiwepo mtu wa kuacha insulini kwa sababu ya mizizi au majani. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Hatua ya saba: kuikagua inaposema kwa uhakika

Chatboti hutunga jibu kwa kukisia maneno yanayofuatana. Ikikosea, sauti yake haibadiliki. Mwaka 2025 jarida la kitabibu la Marekani liliripoti kisa cha mwanamume wa miaka 60 aliyetaka kuacha chumvi ya mezani. Baada ya kushauriana na chatboti akaanza kutumia sodiamu bromidi badala yake, akaitumia miezi mitatu, akaishia kulazwa hospitali akiwa amechanganyikiwa kwa sumu ya bromidi. Hakuna aliyesimama katikati kumuuliza, "Unataka kuila?"

Mimi hufanya hivi: swali lolote linalogusa dawa naliuliza mara mbili, katika mazungumzo mawili tofauti. Majibu yakigongana, naachana nayo yote na kutafuta karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa au mfamasia. Niliuliza kuhusu chupa ya insulini iliyoanza kutumika na kukaa nje ya friji umeme ulipokatika. Jibu moja lilisema itupwe, jingine likasema haina shida. Karatasi ya boksi na mfamasia ndivyo vilivyoamua. Baadaye nilifurahi kujua kwamba watafiti wa Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva waliichunguza insulini katika joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaona ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Utafiti huo ulitoka mwaka 2021. Hata hivyo chupa zilizofungwa bado zinatunzwa kwenye friji, na kamwe zisigandishwe.

Hatua ya nane: usiandike kila kitu

Jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya kadi ya bima na ya hospitali havina kazi kwenye mazungumzo haya. Ukipiga picha ya daftari, ziba jalada na jina. Ingia kwenye mipangilio, zima ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kufundishia mashine, na ufute ya zamani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019, lakini kampuni zenyewe ziko mbali. Kama unamsaidia mtu, muombe ruhusa. Mama aliniuliza swali moja tu: "Jina langu limo?" Nikamwambia halimo.

Ramadhani

Wanaotaka kufunga waanze kuzungumza na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, maana dozi na saa zake hubadilika. Wapo ambao daktari atawaambia wasifunge. Chatboti ikusaidie kuandaa maswali: dawa ya daku iwe ipi, ya futari iwe ipi, nipime saa ngapi. Kutoboa kidole kupima sukari hakuharibu swaumu. Miongozo ya kimataifa inasema ufungulie sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, au ukijisikia vibaya, hata kama zimebaki dakika kumi kuadhiniwa. Tende moja ndogo ina wanga wa gramu tano hivi. Hesabu za futari anzia hapo kabla ya kufika kwenye uji na mihogo ya nazi.

Hatua ya mwisho: ukurasa mmoja wa kliniki

Siku mbili kabla ya kliniki andika: "Kutokana na namba za wiki nne nilizokupa, andaa ukurasa mmoja wa kumpa daktari. Wastani wa asubuhi, idadi ya mara sukari iliposhuka chini ya 4.0 na saa zake, siku zinazojirudia kuwa juu, dawa zilizorukwa na sababu, na maswali matatu tu. Usitoe ushauri wa tiba." Linganisha kila namba na daftari, kisha nakili kwa mkono au chapisha. Maswali yasizidi matatu. La nne halitasikilizwa. Kama hajapimwa HbA1c, kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, liwe mojawapo.

Nilikwenda na mama kliniki iliyofuata baada ya habari ya kikoba. Daktari aliusoma ukurasa wote, kalamu mkononi. Palipoandikwa na chatboti "mgonjwa hazingatii sindano ya jioni siku mbili kwa wiki" akapiga mstari, akaandika juu yake: "anaogopa kushuka sukari akiwa peke yake". Halafu akavuta kiti, akamgeukia mama. "Mama, nieleze vizuri hizo siku za kikoba. Unarudi saa ngapi, na ukirudi unakuta chakula gani?"